Harufu ya Chumba cha Kati

Ukipanga kwa mama mwenye nyumba wetu, hazipiti siku nyingi nguo zako zinaanza kunukia kama zake. Huhitaji kuingia chumbani kwake wala kugusa kitu chake. Unafua kwa sabuni yako, unaanika uani, unakunja, unaweka kwenye begi lako na kufunga zipu. Jumapili ukilivaa lile gauni kanisani, mtu wa benchi la mbele anageuka kuangalia nani kaja na harufu ya kabati la zamani.

Ilikuwa harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya mviringo ambavyo watu huweka kwenye nguo kufukuza nondo na mende. Kariakoo wamachinga huvitembeza mkononi pamoja na sumu ya panya na nyembe. Wengi wetu tunanunua kipakiti kimoja na kukisahau. Yeye alivinunua kama watu wanavyonunua chumvi, kila vikikaribia kwisha.

Nyumba yake ilikuwa zile nyumba za kizamani za Kariakoo: korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma na choo na jiko la pamoja. Chumba cha kati, upande wa kulia, hakikupangishwa. Ndimo yalimokuwa masanduku yake. Sasa, nyumba zile kuta za vyumba hazifiki juu. Zinaishia njiani, kisha ni nafasi tupu mpaka kwenye bati. Jirani akikohoa unamsikia, akikaanga vitunguu unajua. Saa za mchana bati likishika moto, harufu ya chumba cha kati ilipanda, ikavuka ukuta na kushuka kwetu sote. Nilipomlalamikia mara ya kwanza, alinitazama kana kwamba nimelalamikia mvua.

"Mchaga wangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu aliposikia kwetu ni Moshi, "hiyo ni harufu tu. Mgeni huizoea."

Na kweli niliizoea. Mume wangu aliizoea kabla yangu. Tulikuwa tumeoana karibuni, yeye akifanya kazi kwenye stoo ya vyombo, mimi nikiuza vitenge dukani kwa mtu, na chumba karibu na kazi kilikuwa bahati kubwa.

Mama mwenye nyumba alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo iliyosimama. Aliongea kidogo asubuhi na sana alasiri. Mtu akibisha hodi alijibu, "Nani, na anataka nini?" hata kama ni muuza maziwa wa kila siku. Ukimuuliza hali yake hakusema mzima wala mgonjwa. Alisema, "Mimi nipo." Alilisema hilo kama askari wa lindo anayeitikia jina lake.

Hakuwa anatoka. Hilo lilinichukua muda kuligundua, kwa sababu alijua kila kitu cha mjini. Alijua bei ya samaki Feri, alijua mitumba mizuri inafunguliwa lini Mchikichini, alijua nani kajenga Mbagala na nani kamwacha mkewe. Lakini yote hayo aliletewa na wapangaji. "Unapita Feri? Niletee changu wawili, macho yawe yanang'aa." Ukirudi, alimfunua samaki shavu hapo hapo mlangoni, akaguna, akakuombea dua. Msiba ukitokea mtaa wa pili alipika sufuria zima la wali akapeleka kwa mikono ya watu wengine. Yeye mwenyewe mwisho wake ulikuwa pale kwenye kona wanapokaa wauza kahawa. Hapo aligeuka, kama kuna ukuta.

Sababu aliyokuwa akiitaja ni wifi yake. Nyumba ile baba mkwe wake aliwaachia watoto wake wawili: mume wa mama mwenye nyumba, ambaye alishafariki, na dada wa huyo mume, ambaye alikuwa akiishi Kigamboni. Huyo wifi alitaka kiwanja wampe mjenzi, apandishe ghorofa, kila mmoja apate fleti zake. Kariakoo yote ilikuwa inaenda hivyo. Kushoto kwetu lilishasimama ghorofa, kulia likasimama jingine, na sisi tukabaki katikati kama jino lililosahaulika. Jua liliingia uani likichungulia tu, kisha likaondoka. Vumbi la saruji lilipozidi, mama mwenye nyumba aliyapigilia misumari madirisha ya mbele. Sisi wapangaji tulibaki tunapumua kwa zamu kwenye mlango wa uani.

"Nikitoka hapa," alituambia, "nikirudi nitakuta kufuli jipya. Namjua yule."

Siku moja waya wa umeme ulianza kutoa cheche juu ya korido. Moshi ukajaa, wapangaji wote tukakimbilia barabarani, wengine na watoto, mmoja na televisheni kifuani. Yeye alisimama kizingitini, mguu mmoja nje, mwingine ndani.

"Mama, toka!" mume wangu alimpigia kelele.

"Nitoke niende wapi? Wanangoja nitoke!"

Mume wangu alirudi akazima swichi kubwa kwa mpini wa fagio, na cheche zikaisha. Tuliporudi ndani tulimkuta bado amesimama pale pale, mguu mmoja ndani.

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Mwezi wa Ramadhani alitufuturisha hata sisi tusiofunga, na ukikataa alinuna. Mpangaji mmoja alipougua malaria, ni yeye aliyemkanda kwa maji na kumlisha uji kwa kijiko, akimtukana kwa kutotumia chandarua. Alichukia umbea, akatufukuza uani tukimsengenya mtu, kisha alasiri ile ile akakaa kwenye mkeka na kumsema wifi yake mpaka adhana ya magharibi. Na pamoja na yote hayo, ndani ya sanduku moja alitunza picha yake na wifi huyo wakiwa wasichana, kanga sare, vichwa vimegusana. Alinionyesha mara moja bila kuniangalia. "Tulikuwa tunavaa sare," alisema, akairudisha.

Niliiona picha hiyo kwa sababu alinipenda kwa mikono yangu. Kazi ya duka la vitenge inakufundisha kukunja, na yeye aliheshimu mtu anayejua kukunja. Basi alipotaka kuyafungua masanduku aliniita. Chumba kile, mlango ukishafungwa nyuma yako, macho yaliwasha na kichwa kilianza kugonga. Ndani ya masanduku kulikuwa na kanzu za marehemu mumewe, koti lake la harusi, doti za kanga ambazo hazijakatwa bado, na shuka za kudarizi za mahari yake. Juu ya kila tabaka alipanga vidonge vipya, na chini tulikuta vya zamani. Vilivyowekwa vikubwa kama gololi vilikuwa vimebaki punje. Vingine havikubaki kabisa. Nguo hazikuwa na unyevu, hazikuwa na doa, hazikuwa na unga wowote.

"Vimeenda wapi, mama?"

"Vimemaliza kazi yao," alinijibu, na akaweka vingine.

Chini kabisa ya sanduku dogo kulikuwa na furushi la nguo za mtoto mchanga: fulana, kofia za kufuma, na shali nyeupe ya sufu, laini, iliyotiwa utepe wa bluu pembeni. Niliuliza za nani. Alilifunga sanduku.

Aliniambia baadaye, mimba yangu ilipokuwa kubwa na tunachambua mchele uani. Alizaa mara tatu katika nyumba ile. Wa kwanza wa kiume, mnene, mzima. Siku chache tu akageuka manjano, macho mpaka nyayo, akalegea, akafa. Wa pili wa kike. Huyo alikua, akaolewa, yuko Maskati, anapiga simu kila Ijumaa. Wa tatu wa kiume tena, mnene tena, na manjano yale yale.

"Nani alikuwa akileta uji kila asubuhi? Wifi. Nani alikuwa akimbeba mtoto mimi nikioga? Wifi. Wa kike akamwacha, wa kiume akawala. Ili nani arithi hii nyumba? Jibu mwenyewe, Mchaga wangu."

Aliendelea kuchambua. Aliniambia kwamba siku ya maziko ya yule wa kiume wa pili, baraza na korido vimejaa watu, alisimama na kumnyooshea wifi yake kidole. "Huyu ndiye aliyekula wanangu." Wifi alikuwa amebeba birika la chai. Aliliweka chini, akatoka, hakurudi. Maneno yalimtangulia kila alipokwenda. Mumewe alimwacha kwa sababu mama yake hakutaka mchawi nyumbani. Wanawake wakimwona njiani waliwavuta watoto wao. Ndipo akahamia ng'ambo, Kigamboni. Mama mwenye nyumba alinisimulia hayo bila fahari na bila huruma, kama mtu anayetaja mipaka ya shamba.

Nilijifungua mtoto wa kiume. Tulimwita Eliya. Mama yangu alikuwa mgonjwa Moshi, hakuweza kuja, na mama mwenye nyumba akashika nafasi yake bila kuombwa. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikalia. Alinipikia uji wa pilipili manga. Na siku tuliyorudi kutoka hospitali alikuja chumbani na lile furushi mikononi.

"Mtoto wa nyumba hii hafunikwi mtumba," alisema. "Hizi zimesubiri sana."

Nilijua ni kitu gani ananipa. Nilizianika nguo zile mchana mmoja uani, kwenye jua lile la kuchungulia, nikazivisha. Kila asubuhi alimwogesha, akampaka mafuta ya nazi mwili mzima, akamviringisha kwenye ile shali mpaka puani, na kuimba kitu kwa sauti ya chini ambacho hakikuwa na maneno. Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile. Hata mlango wa mbele siku hizo aliuacha wazi kidogo.

Siku chache baadaye Eliya aliacha kunyonya. Nilidhani ni joto. Nilipomfungua kumbadilisha, nepi ilikuwa na mkojo wa rangi ya chai. Nikamsogeza mlangoni kwenye mwanga. Alikuwa manjano mpaka kwenye nyayo.

Mama mwenye nyumba alikuwa korido. Alimwona mikononi mwangu, akashika ukuta. "Amekuja," alisema. "Amekuja tena." Alianza kuuliza nani aliingia ndani, nani alileta chakula. Mimi sikumsikiliza. Mume wangu aliita bajaji tukaondoka, na mtoto kwenye shali yake.

Hospitali walimpokea wakamweka chini ya taa za bluu, uchi, macho yamefunikwa kitambaa. Damu yake ilikuwa inavunjika, daktari alituambia, na ikabidi wambadilishe damu. Alituuliza kama tumempa dawa yoyote, ya dukani au ya kienyeji. Hapana. Aliyeuliza swali jingine ni nesi, mama wa makamo, aliyekuwa akikunja vitu vyetu. Aliinua ile shali, akaisogeza puani, kisha akaipeleka mbali.

"Hizi nguo zilikuwa zimehifadhiwa na naftalini?"

"Ndiyo."

"Muda mrefu?"

"Miaka mingi sana."

Aliniketisha. Alinieleza kwamba vile vidonge havitulii. Haviyeyuki kama barafu ukaona maji. Vinageuka hewa pole pole, na hewa hiyo, ukiifungia sandukuni, inatafuta pa kuingia, inaingia kwenye nyuzi. Nguo inainywa. Kuianika mchana mmoja hakuitoi. Ukimviringisha mtoto humo anaivuta kwa pua na anaivuta kwa ngozi, na ukiwa umempaka mafuta ndiyo inapenya zaidi. Watoto wengi hawadhuriki sana. Lakini wapo wanaozaliwa na damu isiyoweza kuistahimili, na hao inawavunja ndani.

"Ni wa kiume zaidi," alisema. "Wasichana mara nyingi hupona."

Nilibaki nimemkodolea macho. Yeye hakujua kwa nini. Alidhani naogopa kwa ajili ya Eliya, akanishika bega, akasema tumemleta mapema, atapona.

Na alipona. Tulirudi nyumbani na mtoto ambaye rangi yake ilikuwa rangi yake. Mume wangu alitaka tuhame siku hiyo hiyo, lakini chumba hakipatikani kwa siku moja, na kwa dada yake Tabata walikuwa wamejaa mpaka sebuleni. Ikabidi turudi kwenye bati lile na harufu ile. Tulilala na mtoto karibu na mlango wa uani. Nguo zake zote mpya tulizitundika nje kwenye kamba, hazikuingia ndani hata mvua ikinyesha.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaandaa maneno yake. Aliniambia mtoto asitoke, yeye atamtafutia mtu wa kumsomea dua, na kwamba yule wa Kigamboni mkono wake ni mrefu. Ningeweza kukaa kimya. Tungehama, naye angebaki na alichokiamini. Lakini chumba cha mbele kulikuwa na mpangaji mwenye mimba, na masanduku yalikuwa yamejaa.

"Mama," nilimwambia, "nesi alinusa shali."

Nilimweleza yote, pole pole, kama nilivyoelezwa. Sikumtaja mwanawe hata mmoja. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza, aliuliza kitu kimoja tu.

"Mkojo wake ulikuwaje?"

"Kama chai ya rangi."

Alikaa chini pale pale korido, kwenye sakafu, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Wangu pia," alisema. "Nilizifua nepi mwenyewe. Sikumwambia mtu." Kisha akaongeza: "Ile shali ilikuwa ya mama yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha vile vidonge."

Nilijaribu kumwambia kwamba hakuna anayeweza kujua kwa uhakika, miaka mingi imepita, hata nesi asingeapa. Alinyanyua mkono ninyamaze.

Tangu siku hiyo hakumsema tena wifi yake. Alasiri alikaa kwenye mkeka na mdomo umefungwa. Watu wangedhani mtu akipata jibu la jambo lililomtesa maisha yote anafunguka. Yeye alizidi kujifungia. Zamani alikuwa mlinzi wa nyumba, alikuwa na adui nje na sababu ya kusimama mlangoni. Sasa hakuwa na sababu, na bado hakutoka. Aliyatoa yale masanduku uani siku moja, akavikusanya vidonge vyote kwenye ndoo na kumpa mzoa taka. Nguo alizitandaza juu ya kamba, juu ya mabenchi, juu ya paa la choo. Zilikaa nje wiki baada ya wiki, zikapigwa na vumbi la saruji na mvua, na hakuzirudisha ndani. Lakini kuta za chumba cha kati zilikuwa zimeshakunywa. Ukiingia, harufu ilikuwa bado ipo.

Tulipata chumba Buguruni tukahama. Niliendelea na kazi yangu dukani, na mara moja moja nikipita kumsalimu. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mimi nipo." Alimpakata Eliya akiwa amevua kwanza kanga yake ya juu, akaomba kwangu kitenge safi cha kumshikia. Hakuwahi kusahau kufanya hivyo.

Eliya alikuwa ameshaanza kutembea siku mama mwenye nyumba alipotokea dukani. Nilikuwa nampimia mteja. Niliinua macho nikamwona amesimama mlangoni, buibui limepigwa pasi, mkoba ameushika kifuani, anahema kama amekimbia. Kutoka kwake mpaka dukani kwetu ni mwendo mfupi tu, lakini ni ng'ambo ya ile kona.

"Nisindikize Kigamboni," alisema.

"Na nyumba, mama?"

"Funguo nimemwachia yule wa chumba cha mbele. Twende kabla sijabadilisha moyo."

Niliomba ruhusa tukaenda. Magogoni, kwenye pantoni la kuvukia kwenda Kigamboni, alikataa kukaa. Alishika chuma kwa mikono yote miwili akawa anaangalia nyuma, mjini, mpaka tulipogusa upande wa pili.

Wifi yake alikuwa mwanamke mfupi, mzito, jicho moja limeingiwa na ukungu. Alikuwa anakuna nazi kwenye mbuzi nje ya nyumba yake. Tulipopiga hodi alisema karibuni kabla hajatazama. Alipotazama, mkono wake ulisimama.

"Umekuja kwa habari ya nyumba?"

"Sikuja kwa nyumba, wifi."

Mama mwenye nyumba alinigeukia. "Mwambie ulivyoambiwa."

Nilisema. Lilikuwa jambo gumu kulisema mbele ya yule mama, ambaye hakutikisika, nazi mkononi, akinisikiliza kwa jicho lake moja zima. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo ni zile nguo?"

"Nesi hawezi kuapa, mama. Hata mimi siwezi."

"Mimi najua," mama mwenye nyumba alisema. "Niliwavisha kwa mikono yangu. Nisamehe, wifi."

Yule mama aliiweka nazi chini. "Niliwaosha mimi," alisema. "Wote wawili. Wewe ulishindwa kusimama, mama yako alishindwa, nikawaosha mimi na kuwavisha sanda. Halafu ukaninyooshea kidole." Alipangusa mikono. "Hapa umeniomba msamaha tuko watatu. Siku ile tulikuwa wangapi?"

"Palijaa."

"Basi. Ulinichafulia kule. Nenda ukanisafishie kule, na mimi niwepo nisikie."

Hakutukaribisha chai.

Walikuja Kariakoo pamoja siku moja ya wiki iliyofuata, asubuhi maduka yakiwa yamechangamka. Sikuwa nimeambiwa. Niliwaona wakitokea kule mwanzo wa mtaa, mmoja mrefu mbele, mmoja mfupi nyuma, wakiingia duka moja na kutoka, wakiingia la pili. Shida ni kwamba mtaa ule haukuwa tena na watu wa siku ile. Wengi walikuwa wamekufa, wengine wameuza nyumba na kuhamia Tegeta na Chanika, na palipokuwa na mabaraza sasa ni ghorofa zenye maduka ya nguo za China na vifuniko vya simu. Mama mwenye nyumba alikuwa anaungama kwa watoto wa watu wasiomjua.

Walifika duka la jirani yangu. Nilimsikia muuzaji akimuuliza, "Bibi, unatafuta kava ya simu gani?"

"Sitafuti kitu. Nimekuja kusema kwamba wifi yangu huyu hakuua wanangu. Nilimsingizia mbele ya watu, hapa mtaani. Hakufanya."

"Sawa bibi," yule kijana alisema. "Poleni sana." Na akamgeukia mteja.

Walipoingia kwangu, mama mwenye nyumba alisema maneno yale yale, hata kwangu mimi niliyeyajua, kwa sauti ile ile, akiwa amesimama wima. Midomo ilikuwa imemkauka. Niliwapa maji. Hakunywa. Wifi yake alikunywa.

"Inatosha," wifi alisema kwa kuchoka. "Hawa hawatujui."

"Bado upande wa pili."

"Nimesema inatosha. Unauambia ukuta."

Nje ya duka letu, kwenye baraza, alikuwa akikaa fundi cherehani mmoja mzee ambaye hushona mapindo ya suruali na kubadilisha zipu. Mashine yake ilikuwa imenyamaza muda bila mimi kutambua. Alivua miwani.

"Mimi nilikuwepo," alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Siku ya maziko nilikuwa pale kwenye korido. Nilikusikia," alimwambia mama mwenye nyumba. Kisha akamtazama mwenzake. "Nikaenda kumsimulia mke wangu. Mke wangu akawasimulia wenzake. Ulikuwa ukipita hapa na kikapu, nami nainamia mashine nisikuamkie."

"Nakumbuka," wifi alisema. "Nilidhani huoni."

"Nilikuwa naona." Fundi alisimama kwa shida, akishikilia meza ya mashine. "Unisamehe, dada yangu."

Yule mama wa Kigamboni, ambaye hakutoa chozi nyumbani kwake wala njia nzima ya mtaa ule, aliufunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kumtikisika. Fundi alimsogezea benchi la wateja. Alikaa, akalia kwa sauti pale barazani, wapagazi wakipita na mizigo, matoroli yakipiga kelele, na watu wawili watatu wakisimama kutazama.

Mama mwenye nyumba alibaki amesimama, mkoba kifuani, macho chini. Hakuna aliyemwambia kaa wala nenda. Nilitaka kumletea kiti kutoka ndani, nikaona si kazi yangu.

Alisimama hivyo muda mrefu. Mwishowe wifi yake alipangusa uso, akapenga kamasi, akavuta buibui lake upande, na kujisogeza mwisho wa benchi. Hakusema karibu. Nafasi aliyoiacha ilikuwa ndogo, lakini ilimtosha mtu mwembamba.